Kulaza lethi bila kuiua: mwongozo kamili wa kuhifadhi mashine ya kukereza chuma

Nilipoifunua lethi yangu baada ya miezi 14, mkono wangu mwenyewe ndio ulionipokea. Kwenye bomba la telistoki, sehemu inayoegemeza ncha ya pili ya chuma kinachokerezwa, palikuwa na vidole vinne na gumba, vimechorwa kwa kutu nyekundu, wazi mpaka mistari ya ngozi ilisomeka. Siku nilipofunga karakana niliirudisha telistoki nyuma kwa mkono uliojaa jasho, nikaona kazi imekwisha, nikatupia nailoni juu na kwenda zangu.

Kitandani, yaani kwenye reli ndefu ambazo sehemu nyingine hutelezea juu yake, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimekipaka oili chafu ya injini ya lori, kwa ushauri wa kila mtu aliyepita mlangoni siku ile, na nailoni ikakilalia moja kwa moja. Kila mkunjo wa nailoni uliogusa chuma uliacha mstari wa vishimo. Kutu ya juu ilitoka kwa mafuta ya taa na stilwaya. Vishimo vipo hadi leo, na kereji, ile sehemu inayobeba kisu, ikipita juu yake mkono unavisikia kwenye gurudumu.

Tangu hapo nimelaza mashine kadhaa, zangu na za wenzangu, na zimeamka salama. Mfano nitakaotumia ni lethi ya kawaida ya karakana za huku kwetu pwani, ile aina ya 6140 ya Kichina: juu ya kitanda inazungusha kazi (chuma kinachokerezwa) ya kipenyo cha hadi milimita 400, na yenye mita 1 kati ya senta, ncha mbili zinazoishika kazi, ina uzito wa takribani tani 2. Ukiwa na ndogo ya mezani, au Colchester ya zamani ya Kiingereza, utaratibu ni ule ule.

Maji yanatoka wapi wakati paa halivuji

Watu wengi wakiulizwa kama stoo ni kavu hutazama juu, kwenye mabati. Hilo ni sawa, lakini maji yanayoila lethi kwa kawaida hayapitii kwenye bati.

Chuma kizito hupoa polepole na hupata joto polepole. Tuseme usiku mashine imeshuka hadi nyuzi 24 za Selsiasi. Asubuhi unafungua mlango, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaingia. Hewa ya namna hiyo hudondosha maji ikigusa kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26 hivi. Lethi inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na darini hakujavuja hata tone. Hali hiyo ikijirudia siku hadi siku kwa mwaka mzima, hesabu unaiona.

Kisha kuna chumvi. Chumvi huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75, ndiyo maana kopo la jikoni hugeuka uji wakati wa masika. Chumvi iliyo kwenye upepo wa bahari, na ile iliyo kwenye jasho la kiganja, hufanya hivyo hivyo juu ya chuma: inajivutia maji yake hata kama stoo haina tone. Aliye Dodoma au Nairobi hana upepo wa bahari, lakini viganja anavyo.

Chanzo cha tatu ni uchafu. Chenga za chuma zilizolowa maji ya kupoozea, yale meupe kama maziwa, zikibaki chini ya kereji au ndani ya sufi za kufutia reli, hushikilia unyevu pale pale usipopaona. Ukipaka grisi juu ya uchafu huo umeufungia ndani pamoja na maji yake. Kwa hiyo katika siku mbili za kuilaza lethi, moja na nusu ni ya kusafisha.

Amua muda na mahali kwanza

Mashine itakayolala miezi 3 haihitaji yote yaliyo humu. Isafishe, ipake oili nzito, ifunike kwa kitambaa, tembelea kila wiki. Kuanzia miezi 6 kwenda juu, fuata kila kitu. Na kama hujui itakaa muda gani, hesabu miaka, kwa sababu hivyo ndivyo inavyokuwa: mtu anasema narudi Januari, na Januari inapita mara tatu.

Mahali pazuri ni pale joto lisipopanda na kushuka sana kati ya usiku na mchana. Chumba cha ndani chenye dari ni bora kuliko banda la bati tupu, ambalo mchana ni tanuri na alfajiri ni friji. Usiilaze lethi chumba kimoja na betri za magari, mbolea, saruji, tindikali au klorini ya kusafishia maji. Tindikali na klorini hazihitaji kumwagikia chuma ili zikitie kutu, mvuke wake unafika wenyewe.

Sakafu ya zege nayo hupitisha unyevu kutoka ardhini. Tandika nailoni nzito sakafuni, kisha inua mashine juu ya vipande vya mbao kavu au bapa za chuma zilizopakwa rangi, chini ya sehemu zile zile zenye matundu ya bolti za miguu. Mbao mbichi usitumie, wala zile zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa: chumvi za shaba zilizomo hula chuma. Ukishaiweka, weka pima maji juu ya kitanda kwa urefu na kwa upana, karibu na kichwa (upande wenye gia za kuzungushia kazi) na karibu na telistoki. Mashine iliyosimama miguu mitatu kati ya minne hujikunja kidogo kidogo kwa uzito wake, na kuinyoosha baadaye ni kazi ya siku nzima.

Vya kuwa navyo

Mafuta ya taa lita 10 hivi, brashi za rangi za inchi 1 na inchi 2, matambara ya pamba yaliyofuliwa, glavu za mpira, spiriti, kamba ya katani, oili mpya ya giaboksi, dawa ya kupaka ambayo nitaieleza, turubai, shuka kuukuu, na simu yenye kamera. Petroli usisafishie. Inasafisha vizuri na inaunguza karakana vizuri zaidi.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, piga picha. Pande zote nne, kila namba na kila kibao, ndani ya kasha la umeme, na hasa mpangilio wa gia za pembeni zile zinazobadilishwa kwa ajili ya kukata nyuzi. Mtu atakayeiamsha huenda asiwe wewe.

Kusafisha

Kubadilisha oili za ndani, nitakakokueleza mbele, kunahitaji umeme, kwa hiyo kutangulie. Kisha zima swichi kuu na utenganishe waya kabisa. Toa chenga kubwa kwa brashi na ndoano. Kompresa iache ilale. Najua inavutia, lakini upepo wake huzisukuma chenga nyembamba chini ya kereji na ndani ya beringi, mahali ambapo brashi haitazifikia tena.

Tangi la maji ya kupoozea limwage lote leo hii, lisisubiri kesho. Yakilala, vijidudu huyaozesha, maji yanakauka na kuacha utando wa kunata wenye chumvi. Fungua pampu, toa tope la chini kwa mikono yenye glavu, osha tangi kwa maji ya moto na sabuni, likauke juani, kisha lipake oili ndani. Bomba na koki zake zipulize hadi zitoe hewa kavu. Hapo ndipo kompresa inaruhusiwa.

Sasa shuka kwenye mashine yenyewe, kuanzia juu kwenda chini ili uchafu usirudi ulikosafisha. Mafuta ya taa kwa brashi, futa kwa tambara, rudia mpaka tambara jeupe litoke jeupe. Sehemu ambazo watu huzisahau ndizo hizi:

Chini ya telistoki. Ilegeze, isukume hadi mwisho wa kitanda na uitoe kabisa. Wawili mnaiweza kwenye mashine ya kawaida. Peke yako usijaribu. Bomba lake litoe nje lote, na tundu la koni ulisugue kwa tambara lililozungushiwa kijiti.

Reli ya meno iliyo chini ya ukingo wa mbele wa kitanda. Ina meno yanayotazama chini, kwa hiyo hakuna anayeyaona. Kila jino linapigwa brashi.

Skrubu kuu. Chukua kamba ya katani, izungushe mara moja kwenye mfereji wa nyuzi, shika ncha zake mbili, na mwenzako azungushe skrubu taratibu kwa mkono. Kamba husafiri yenyewe kutoka ncha hadi ncha ikikomba uchafu mweusi kama lami. Kazi hii waachie vijana, wanaipenda. Nyuzi za katani ni ngumu na zenye ukali, kwa hiyo zinafanya kazi hii kuliko kamba ya plastiki.

Sufi za kufutia reli, zile zilizobanwa kwa bamba dogo kwenye pembe nne za kereji. Hizi ndizo zilizonifanyia ubaya mkubwa ambao sikuuona mara ya kwanza. Sufi ikinywa maji ya kupoozea na vumbi la chuma, inakaa kama sponji yenye kutu ikiwa imeegemea reli. Zifungue. Zikiwa ngumu, zitupe ukate mpya. Zikiwa nzuri, zifue kwa mafuta ya taa, zikamue, ziloweke kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kuzirudisha.

Ukimaliza, vaa glavu mpya na ufute chuma chote tupu kwa tambara lenye spiriti. Mafuta ya taa huondoa grisi lakini hayaondoi chumvi ya jasho. Spiriti ina maji kidogo ndani yake, na hayo ndiyo yanayoibeba chumvi kabla ya yote kukauka haraka. Kuanzia hapo, mkono mtupu haugusi mashine tena. Mimi humwambia hivyo hata mwenye karakana mwenyewe akija kupapasa: samahani mzee, glavu hizi hapa.

Chaki

Usiiache chaki, ile yenye meno ya kubana kazi, kwenye spindeli, yaani mhimili unaoizungusha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo kutu kidogo tu kati ya chaki na pua ya spindeli hukaza kama kabari. Nimeona chaki ya kufungwa kwa nyuzi iliyohitaji moto, mnyororo na matusi ya siku mbili.

Weka ubao mzito juu ya kitanda kabla ya kuilegeza. Chaki ya milimita 250 haichukuliwi kwa mkono mmoja, ikidondoka itakata reli au vidole. Itoe, fungua meno yake, yaweke kwa namba 1, 2 na 3, safisha mfereji wa ndani unaozunguka kama konokono, pigia oili, rudisha meno, kisha ipake dawa yote na kuifunga kwa karatasi ya nta. Ilaze kwenye kasha la mbao, uso ukitazama chini. Pua ya spindeli na tundu lake la koni pia vipate dawa, na tundu lizibwe kwa tambara lenye oili ili panya asilifanye mtaa. Mkojo wa panya ni miongoni mwa vitu vikali nilivyowahi kuona juu ya chuma.

Oili za ndani

Oili ya zamani ina tindikali, maji na vumbi la chuma. Usiiache ndani ilale na beringi. Ukiwa bado una umeme, kabla ya kutenganisha waya, iendeshe mashine dakika 15 hadi 20 ipate joto, ndipo uimwage. Ikiwa ya moto inabeba uchafu, ikiwa baridi inauacha chini. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia, basi safisha kwa oili nyepesi ya bei ndogo kabla ya kujaza nzuri.

Jaza ile inayotajwa kwenye kibao cha mashine. Kwa vichwa vingi ni oili ya aina ya haidroliki yenye namba 32, 46 au 68. Usiweke oili ya giaboksi ya gari iliyoandikwa GL-5: dawa za salfa zilizomo huweza kula shaba nyeusi, na ndani ya lethi kuna bushi na nati nyingi za madini hayo. Baada ya kujaza, iendeshe tena kila spidi dakika chache, kila gia, mbele na nyuma. Gia za juu haziogelei kwenye oili. Zinapata ile zinayorushiwa, na hiyo ndiyo oili zitakayolala nayo. Aproni, kasha la gia lililo mbele ya kereji, na giaboksi ya kukatia nyuzi vivyo hivyo. Vitundu vyote vya kupigia oili kwa pampu ya mkono visisahaulike.

Wengine hujaza kichwa hadi juu ili gia zote zizame. Inafanya kazi kama sili ni nzima. Kwenye mashine ya miaka 30 nimeikuta oili hiyo yote sakafuni.

Dawa ya kupaka

Hapa kila fundi ana dini yake. Nitasema ninachokiamini.

Oili chafu ya injini, hapana. Ina masizi, maji na tindikali za moto wa injini. Ndiyo ilikuwa imenitolea vile vishimo. Mafuta ya kula na ya nazi, hapana: mengi yanaganda kuwa gundi, na yote yanachacha. Grisi nzito iliyopakwa kama siagi inaonekana ya kuaminika, lakini haiingii kwenye pembe, inaacha mapovu ya hewa chini yake, na baada ya miaka inakauka kuwa kama sabuni.

WD-40 nayo isinunuliwe kwa kazi isiyo yake. Jina lenyewe lilitokana na jaribio la 40 la kutafuta kimiminika cha kufukuza maji, mwaka 1953 huko San Diego, Marekani. Kufukuza maji inafukuza kweli, na mimi huipuliza mara moja kabla ya dawa halisi. Lakini utando wake ni mwembamba mno kukaa mwaka mzima kwenye hewa ya pwani.

Zinazofaa ni tatu. Ya kwanza ni dawa za viwandani za kuzuia kutu, zile zinazokauka zikaacha nta ya kahawia. Mashine mpya zikitoka melini huwa zimepakwa kitu cha namna hiyo. Ukiipata, nunua, usisome zaidi.

Ya pili ni lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Hupatikana kwa wauza malighafi za vipodozi. Yeyusha sehemu 1 ya lanolini katika sehemu 4 za tapentini nyepesi ya rangi, mbali na moto na mahali penye hewa, paka kwa brashi. Tapentini inaruka, lanolini inabaki kama ngozi nyembamba ya kunata. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inaingia kwenye nyuzi na pembe kabla ya kuganda.

Ya tatu ni ya mfuko mwepesi: mafuta ya mgando, yale meupe ya dukani yasiyo na manukato. Yaweke kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto yayeyuke, changanya sehemu 2 kwa sehemu 1 ya oili safi ya haidroliki, paka yakiwa vuguvugu. Watu hucheka, lakini dawa nyingi za viwandani za kulinda chuma msingi wake ni huo huo wa mgando wa petroli.

Jinsi ya kupaka ni muhimu kuliko jina la dawa. Chagua mchana mkavu, saa nane au saa tisa, mashine ikiwa imeshapata joto la siku. Ukipaka alfajiri unafungia umande chini ya dawa. Paka kitanda chote kwanza kereji ikiwa upande wa kichwa, kisha isogeze upande wa telistoki na upake ilipokuwa. Iache huko mwisho. Sababu ni hii: sehemu ya kitanda iliyo karibu na chaki ndiyo inayofanya kazi kila siku, kwa hiyo kama kutu itapenya chini ya kereji licha ya yote, bora ile sehemu isiyotumika sana. Krosi slaidi, ile inayotelezea kwa upana juu ya kereji, na ile ndogo ya juu yake zitoe hadi mwisho wa skrubu zake, paka chini, zirudishe katikati.

Magurudumu yenye rangi ya kromu, vishikio, pete zenye vipimo, bolti za toolposti (kishikio cha kisu), yote yapate. Rangi ya mashine haihitaji dawa. Chuma tupu ndicho kinachohitaji.

Legeza vinavyokaza

Mikanda ya mota ilegeze kabisa, la sivyo itakariri umbo la puli na kugonga ukiiwasha. Telistoki na kereji usizifunge. Klachi iache wazi. Gia za kichwa ziweke huru ili spindeli izunguke kwa mkono. Kabari za slaidi, vipande vinavyozibana zisicheze, zilegeze skrubu zake robo mzunguko, na uandike kwenye karatasi ni ngapi.

Umeme

Waya ukishatenganishwa, funga ncha zake kwa tepu na uandike fezi kwa namba. Matundu ya kupitishia waya kwenye kasha yazibwe, kwa maana mijusi na sisimizi hupenda kontakta, swichi za kuwashia mota, kuliko mafundi wanavyozipenda. Weka ndani ya kasha vipakiti vya silika jeli, vile vya kunyonya unyevu, mfuniko ukiwa umekazwa. Mota ifunikwe kitambaa ili vumbi lisiingie kwenye feni, lakini isifungwe nailoni.

Kufunika

Kuna njia mbili tu za kweli. Ama ufunge kabisa, hewa isiingie, na silika jeli ya kutosha ndani. Ama uache ipumue. Ya katikati, nailoni iliyofungwa nusu nusu, ndiyo inayoua: unyevu unaingia mchana, usiku unageuka maji ndani, na hauna pa kutokea.

Kufunga kabisa mashine ya tani 2 ni kazi ya kiwanda. Mimi huiacha ipumue. Kwanza karatasi ya nta juu ya reli, ilale kwenye dawa. Kisha shuka la pamba juu ya mashine nzima. Kisha turubai juu, limeinuliwa kwa fito ili lisiguse mashine, likiishia sentimita 20 juu ya sakafu ili hewa ipite chini. Vifaa vidogo, gia za kubadilisha, senta na visu, vyenyewe viingie kwenye kasha linalofungika vizuri lenye karatasi ya VCI, ile inayotoa mvuke wa kuzuia kutu. Karatasi hiyo hailindi kitu kilicho wazi, kwa hiyo usipoteze pesa kuitandika kitandani. Kasha hilo lifungwe kwa kufuli na lisikae karibu na mlango. Gia moja ya shaba kwa mnunuzi wa chuma chakavu ni kilo tu, kwako ni mashine isiyokata nyuzi.

Wazee walikuwa wakiwasha balbu chini ya kitanda ili mashine iwe na joto kidogo kuliko hewa. Inafanya kazi, fizikia yake ni safi. Lakini balbu ya wati 60 ikiwaka usiku na mchana inakula zaidi ya yuniti 43 kwa mwezi, na balbu ya moto chini ya turubai lenye mafuta, ndani ya jengo lisilo na mtu, mimi silali usingizi. Stoo ikiwa na mlinzi na nafasi ya kutosha kati ya balbu na kitambaa, uamuzi ni wako.

Kuitembelea

Mara moja kwa mwezi ni vizuri. Kama huwezi, basi usikose safari nne: mwisho wa Februari kabla ya masika, Juni baada yake, Septemba kabla ya vuli, na Desemba. Nenda alasiri kavu. Ingiza mkono wenye glavu chini ya shuka, tazama reli kwa tochi ya pembeni, kutu changa huonekana kama vumbi la machungwa. Ukiiona, ifute kwa mafuta ya taa, paka upya pale pale siku ile ile.

Kisha zungusha spindeli kwa mkono mizunguko kadhaa, na uiache pengine, robo mzunguko mbele ya ilipokuwa. Uzito wa spindeli huibana oili itoke chini ya beringi zile zile za chini. Ukibadilisha mahali, hakuna beringi inayolala kavu mwaka mzima. Kipimo kidogo cha unyevu ukiweka chini ya shuka utajua mapema kama njia yako ya kufunika inafanya kazi. Kikisoma juu ya asilimia 70 kila ukija, inua turubai zaidi.

Kuiamsha

Usikimbilie swichi. Ondoa dawa kwa mafuta ya taa na tambara, siyo kwa kikwaruzo. Pigia oili kila kitundu, sufi zilowe, kereji ipite mwanzo hadi mwisho kwa mkono kabla ya kitu kingine. Tazama kioo cha oili. Kaza mikanda na kabari kulingana na karatasi yako.

Fundi umeme apime mota kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya za mota. Chini ya megaomu 1 usiiwashe, ikaushe kwanza. Na kwenye fezi tatu, kabla ya kufunga chaki, hakikisha spindeli inazunguka upande sahihi. Fezi mbili zikibadilishana mahali, mashine inageuka nyuma: chaki ya nyuzi inaweza kujifungua yenyewe ikiwa kasi, na pampu ya oili ya kichwa kwenye baadhi ya mashine haivuti kabisa.

Anza spidi ya chini kabisa, dakika 20, sikiliza kwa bisibisi iliyoegemezwa kwenye kichwa cha mashine na sikio lako kwenye mpini. Panda spidi moja moja. Ikishapata joto, funga kwenye chaki kipande cha chuma cha kipenyo cha milimita 50, kitokeze milimita 150 bila kukiegemeza kwenye telistoki, kata tabaka jembamba mwanzo hadi mwisho, kisha pima ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi milimita 0.02, chukua pima maji na urudi kwenye miguu ya upande wa telistoki kabla hujapokea kazi ya mteja.